Mahali Simu Zinapolala

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwisho kama nafasi itabaki. Nataka wewe na Mama mje kwangu kabla mwezi huu haujaisha. Funga mashine ya kusaga, mwachie mtu funguo, mpandishe Mama basi, mje. Nauli nimempa dereva pamoja na barua hii. Mje na nguo za kutosha, na yale makaratasi ya kiwanja mje nayo pia.

Usiniulize kwa nini. Najua utauliza, lakini sitakujibu, kwa hiyo tuokoe karatasi. Watu wakikuuliza waambie dada yako anaumwa.

Kazini bado niko idara ileile ya takwimu, chumba kilekile, feni ileile inayolia kama ina njaa. Tunatengeneza modeli ya uhamaji. Ni hesabu ya kukadiria watu wangapi wanatoka mkoa mmoja kwenda mwingine: unaangalia umbali, nauli, kazi zilizopo, wangapi wako huku na wangapi kule, halafu unatabiri nani atabaki na nani atafunga virago. Bonde letu nimepewa mimi, kwa sababu nilizaliwa huko. Na nimefurahi, maana naona majirani wengi wamekwisha kuhama. Kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza kuondoka. Msije mkawa wa mwisho.

Msalimie Mama. Mwambie nampenda, hata kama hataki kusikia.

Dada yako


Alhamisi, 14 Machi

Dada,

Sisi hatujambo, asante kwa kutouliza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa woga na mara ya pili kwa hasira. Makaratasi ya kiwanja ya nini? Kuna bwana mmoja amekuja huku na miwani myeusi akiuliza bei za mashamba, na sasa wewe unataka hati. Kama mmekubaliana naye huko mjini, sema tu. Mimi si mtoto wa kuchezewa akili.

Nimemsomea Mama. Ile sehemu ya kuumwa amesema, "Kama anaumwa, arudi nyumbani auguzwe. Mgonjwa ndiye anayeletwa kwa mama yake, mama hapelekwi." Nilipofika ile ya kumpenda, aliinuka. Alikwenda kufua, na nguo zenyewe zilikuwa safi. Unajua alivyo tangu ulipokosa mazishi ya Baba kwa ajili ya ule mtihani wako. Mwaka wa sita huu, na bado sahani yako anaiosha kila Jumapili.

Halafu nani amehama? Nitajie mmoja. Jana foleni ya mashine yangu ilifika mpaka kwa seremala, watu wakagombana nani kamtangulia nani. Mwalimu mkuu amelalamika madarasa hayatoshi. Mkunga hajalala tangu Jumatatu. Kama hawa wamehama, basi wamehama na kusahau miili yao huku.

Nauli nimemrudishia dereva.

Mdogo wako, Fundi Kinu


Jumanne, 19 Machi

Mdogo wangu,

Simjui mtu yeyote wa miwani myeusi. Naapa kwa kaburi la Baba, na unajua siapi ovyo. Kiwanja ni chenu, kaeni nacho. Nataka ninyi.

Lakini usinifiche. Kama unaogopa kwamba Mama akijua wenzake wameondoka atahuzunika, mfiche yeye, si mimi. Mimi nawaona. Kampuni za simu zinatupa taarifa, hazina majina, ni namba tu. Mahali simu inapolala usiku, wiki baada ya wiki, ndipo tunapohesabu kwamba mwenye simu anaishi. Mnara wenu ulianguka tangu mvua za mwanzo wa mwaka, hilo tunalijua, na hatukumhesabu mtu kuwa amehama kwa sababu tu simu yake imenyamaza. Sisi si wajinga. Lakini simu iliyonyamaza bondeni halafu ikaamkia mkoa wa jirani, pale mji wa njia panda, ikalala hapo Jumatatu mpaka Ijumaa, mwezi wa pili sasa, hiyo si bahati mbaya. Kati ya kila simu tano za bondeni, nne zinalala njia panda. Watu hao wamehama, mdogo wangu. Simu haina sababu ya kusema uongo.

Mwanzoni modeli yangu ilikataa. Ilitabiri kwamba wangeondoka wachache tu, maana njia panda hakuna kazi na nyumba ni ghali. Nikaongeza uzito wa hofu, hofu ya maji, mpaka utabiri ukalingana na simu. Siku ulipolingana nilijifungia chooni nikalia kwa furaha. Mkurugenzi wetu, yule tunayemwita Bwana Asilimia, alinipongeza mbele ya watu wote, na ripoti ikapelekwa juu.

Kwa hiyo tafadhali. Mje.

Dada yako


Jumapili, 24 Machi

Dada, dada, dada,

Nimecheka mpaka nimekaa chini. Nimemsomea seremala, seremala amemsomea mkunga, na mkunga, ambaye ana wiki nzima hajatabasamu, amecheka akasahau alikuwa anakwenda wapi.

Zile simu ni za Chaji! Humjui Chaji, ulikuwa umeshaondoka. Ni kijana mwenye kibanda pale njia panda, anachajisha simu. Mnara ulipoanguka, simu huku zikawa za kuangalizia saa tu. Basi Chaji akaja na akili: kila Jumatatu asubuhi anapita na vikapu, kila mtu anafunga simu yake kwa utepe ulioandikwa jina lake, anamwekea kikapuni. Zinakaa kwake zikiwa zimewashwa, ujumbe unaingia, hela za watoto zinaingia, na Jumamosi anazirudisha pamoja na habari zake zote. Mwenye dharura anapanda basi kwenda kupiga. Kwa hiyo wiki nzima simu za bonde zima zinalala juu ya rafu za Chaji, na sisi tunalala vitandani mwetu kama kawaida.

Umetuhesabu tukiwa kwenye kikapu, Dada! Na Bwana Asilimia akakupigia makofi!

Mama pekee hapeleki simu yake. Anasema hana mtoto wa kuongea naye kikapuni. Ameizima na kuifungia kabatini.

Haya, utani kando. Nimekuamini kuhusu yule wa miwani. Ila nimeona neno moja kwenye barua yako ambalo halijanikaa vizuri. Hofu ya maji gani? Mto huku uko chini kuliko mwaka jana. Unaficha nini?

Mdogo wako, Fundi Kinu


Alhamisi, 28 Machi

Mdogo wangu,

Sikucheka. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Mto uko chini kwa sababu wameuzuia juu. Ukuta wa lile bwawa la juu ya bonde umepata ufa. Nilikula kiapo nisimwambie mtu, na sasa nakivunja. Wakitaka kunifunga na wanifunge. Mvua kubwa zikija ukuta ule hautahimili, kwa hiyo wameamua kufungua milango yote kabla hazijaja na kulimwaga bwawa lote polepole. Maji yatapita bondeni. Yatafika juu ya madirisha ya shule. Siku iliyopangwa ni Ijumaa, tarehe 12 Aprili.

Walituuliza swali moja tu: waliobaki bondeni ni wangapi, ili wajue walete malori mangapi. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema wachache. Wametenga malori matatu.

Umeelewa? Matatu. Kwa foleni yako yote ile, kwa wazee, kwa wenye watoto mgongoni, na barabara moja, na milima ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Modeli ilikuwa imesema kweli mwanzoni. Ilisema watu hawajaondoka, na mimi nikaisukuma mpaka ikakubali, kwa sababu nilitaka muwe mmeondoka. Nilitaka sana. Hilo ndilo linaloniua.

Leo nilikwenda kwa Bwana Asilimia na barua yako mkononi. Aliisoma, akatabasamu. Akasema, "Mama, hii ni barua ya fundi wa kusaga. Ripoti imeshapitishwa. Kamati haifanyi kazi kwa hadithi, inafanya kazi kwa data. Niletee data." Nikamwambia atume mtu akaangalie kwa macho. Akasema mtu akienda siri itatoka, watu watakanyagana. Na akasema wachache waliobaki watapewa taarifa kwa ujumbe wa simu. Kwa ujumbe wa simu, mdogo wangu!

Anataka data. Basi nimpe. Sikiliza vizuri. Waambie watu wote, waambie ukweli wote, umenisikia? Halafu Jumatatu Chaji akishakusanya simu asiishie njia panda. Azipakie kwenye basi la huku, zikiwa zimewashwa na kuchajiwa, azilete kwangu. Zote. Ramani yao inabadilika kila asubuhi kufuata simu, na kila asubuhi Bwana Asilimia anaiangalia kabla hata ya chai.

Na Mama mtoe sasa hivi. Usingoje malori. Mpandishe basi la kwanza.

Dada yako


Jumatatu, 1 Aprili

Dada,

Naandika nimesimama, dereva anapiga honi.

Nimewaambia pale kwenye mashine, nikaizima ili wanisikie. Wengine walinitukana. Seremala alisema ni mbinu ya yule wa miwani, nikamwonyesha barua yako. Akaisoma, kisha akaenda kuanza kung'oa milango yake. Mkunga ana wajawazito ambao hawawezi kutembea hata mpaka shuleni. Basi lilijaa tangu alfajiri, watu wamepigana ngumi, na ni moja tu.

Simu zimetoka. Haikuwa rahisi. Unamwambia mtu nyumba yake itazama halafu unamwomba na simu! Lakini wametoa. Chaji ana magunia manne, amekaa juu yake kama kuku, haruhusu mtu ayaguse.

Mama hataki. Nimembembeleza, nimepiga kelele, nimelia mbele yake, mimi mwanamume mzima. Amesema, "Yeye ndiye aliyetuhesabu hatupo. Aje mwenyewe aone kama sipo. Akija, nitaondoka naye. Asipokuja, niacheni." Amefunga mlango kwa komeo. Na mimi siondoki bila yeye, kwa hiyo ujue unatusubirisha wawili.

Njoo, Dada. Leo si siku ya mtihani.

Fundi Kinu


Ijumaa, 5 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako alinipa Chaji mwenyewe, mkononi, Jumatano asubuhi. Niliposoma pale pa komeo nilichukua mkoba nikaenda kituo cha mabasi. Basi la huko lilikuwa linaondoka saa nne. Nilisimama mlangoni mguu mmoja juu, kondakta ananiuliza, "Mama, unapanda hupandi?" Nilijua nikipanda nitamtoa Mama yangu. Na nilijua magunia yale bila mimi ni magunia tu, hakuna mwingine ambaye angejua kuyasema kwa lugha ya wale watu. Niliteremsha mguu. Sitaki unijibu kuhusu hilo. Mwambie Mama niliteremsha mguu, mwambie hivyohivyo, asinitetee mtu.

Tuliyaingiza magunia kwa mlango wa nyuma, mimi na Chaji, tukayaweka chumba cha mikutano, tukalala hapohapo tukiyalinda. Jana asubuhi Bwana Asilimia alifungua ramani yake. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Bonde zima lilikuwa limehamia kwenye jengo letu. Doa jekundu juu ya paa letu, kubwa kuliko soko kuu. "Hii ni nini?" akauliza. Nikamwambia, "Ni uhamaji, Mkurugenzi. Data imesema watu wa bondeni wote wamehamia chumba cha mikutano. Twende tukawakaribishe."

Alikwenda. Alikuta Chaji amelala juu ya gunia na mdomo wazi. Nikafungua gunia moja, nikamsomea utepe mmoja mmoja. Seremala. Mkunga. Mama wa mapacha. Mwalimu mkuu. Fundi Kinu. Hakutaka kukubali hata hapo. Alisema nimefanya kosa la kinidhamu, kwamba ushahidi huu nimeutengeneza mimi, kwamba hata kama wako watu, basi wameshajulishwa, maana ujumbe unatumwa asubuhi hiyo hiyo na kila mmoja atausoma.

Alikuwa bado anaongea magunia yakaanza kulia.

Sijui nikuelezeje. Yalianza kwa mlio mmoja, wa pili, kisha yote manne kwa pamoja, kengele, nyimbo, majogoo, mitetemo, mpaka meza ikawa inasogea. Chaji aliruka. Akaokota simu moja akasoma kwa sauti: "Mkazi wa bondeni, ondoka kabla ya tarehe 12. Ujumbe huu hauhitaji majibu." Akaokota nyingine, akasoma hilohilo. Akaokota ya tatu. Bwana Asilimia akamwambia, "Inatosha." Chaji akasema, "Bado nyingi, mzee, wote hawa hawajasikia," akaendelea kusoma.

Bwana Asilimia alikaa chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa kwa maji baridi. Akaniuliza taratibu, "Ni wangapi?" Nikasema, "Sijui. Ni wote." Ni mara ya kwanza nimempa jibu lisilo na namba, na ni mara ya kwanza ameandika nililosema bila kuuliza swali.

Malori yanakuja Jumatatu. Si matatu, ni kila lori walilonalo, hata yale ya jeshi. Milango ya bwawa haitafunguliwa mpaka bonde lote liwe limetembelewa nyumba kwa nyumba. Amenihakikishia kwa mdomo na kwa maandishi, na mimi sitoki mlangoni kwake mpaka nimeona. Nikitoka, kuna watu pale juu ambao wangependa sana kuirudia ile ripoti ya zamani, maana ni rahisi.

Ndiyo maana siji. Mpigie Mama magoti. Vunja komeo ikibidi. Mdogo wangu, nimekuomba mambo mengi maishani na mengi yalikuwa ya upuuzi. Hili si la upuuzi.

Dada yako


Jumanne, 16 Aprili

Mwanangu,

Anaandika mdogo wako, lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapake sukari. Akiyapaka nitajua, maana nitamtaka anisomee.

Tuko kwenye shule huku juu, darasa la tatu, familia saba ndani ya chumba kimoja na ubao umejaa hesabu ambazo hakuna aliyezifuta. Wote tumefika. Mkunga amezalisha mmoja ndani ya lori, wa kike, ana sauti ya kudai haki zake. Seremala amekuja na milango minane na hana nyumba hata moja. Maji yamepita juzi. Tulikwenda ukingoni kutazama. Paa letu nililiona kwa muda, halafu sikuliona. Sitaki kuliongelea.

Sasa nikuambie kuhusu komeo. Halikuvunjwa, nililifungua mwenyewe. Malori yalikuja Jumatatu, nikakaa. Jumanne, nikakaa. Nilikuwa nimevaa, nimefunga mzigo, nimekaa kwenye kiti natazama barabara, maana nilijua utakuja. Kila lori likifika nilitazama nani anashuka. Mdogo wako akanisomea ile barua ya mguu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikakasirika, nikamwambia atoke nje.

Jumatano lilikuja la mwisho. Yule askari akaniambia, "Bibi, kuna mwanamke huko mjini amelala mlangoni kwa mkubwa wetu wiki nzima, anasema milango isifunguliwe mpaka kila nyumba igongwe. Yako ndiyo ya mwisho. Ukikataa, wote wanakungoja wewe." Nikamuuliza huyo mwanamke ana mwanya hapa mbele? Akasema hajui, hajamwona. Nikajua tu. Nikasimama.

Usidhani nimekusamehe la Baba yako. Hilo liko palepale na tutaliongea uso kwa uso. Na hili la kutokuja nimekasirika nalo pia, bado nimekasirika hivi ninavyosema, na mdogo wako ananiambia nipunguze sauti watoto wa watu wamelala. Lakini nilipopanda lile lori nilihesabu walio mbele yangu barabara nzima, nikaona kwa nini mguu uliteremka. Nimeona. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Nasikia wamekusimamisha kazi kwa kuvunja kiapo. Vizuri. Kumbe una nafasi.

Jana walipita vijana wa idara yenu na vishikwambi, wanaandika kila kaya, nani amehama kutoka wapi, anaishi na nani. Kijana akaniuliza, "Bibi, kaya yako ina watu wangapi?" Nikamwambia watatu. Akatazama mkeka, akaona mimi na mdogo wako, akasema, "Naona wawili." Nikamwambia, "Wa tatu ni binti yangu, yuko njiani, anafika Jumamosi." Akaandika. Nikamwambia anisomee alichoandika, akasoma: watatu. Imeshakwenda huko kwenu, imeshaingia kwenye hesabu.

Sasa usinifanye mimi niwe mwongo.

Mama yako